Dawa Imelala Wapi Ndani ya Mti?

Mazungumzo haya niliyatoa Muheza, mkoani Tanga, tarehe 31 Agosti, Siku ya Tiba Asili ya Mwafrika, mbele ya waganga, wakunga, wauguzi na wanafunzi wa sekondari. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nilichoondoa ni kukohoa kwangu, na simu ya mtu iliyolia mara tatu.

Mzee mwenyekiti, shikamoo. Waganga na wakunga wetu, wazee wangu mliokaa huko nyuma penye kivuli cha mwembe, shikamooni. Wauguzi, poleni na kazi. Wanangu wanafunzi, hamjambo.

Kabla sijasema lolote, niruhusuni nipike kidogo. Hapa mezani nina vikombe viwili. Vyote vina maziwa ya ng'ombe ya leo asubuhi, nimeyapasha yakawa vuguvugu, kama ya kumnywesha mtoto. Na hizi chupa mbili ndogo zina utomvu wa papai bichi. Nimeugema mwenyewe alfajiri, papai lile lile moja, mti ule ule ulio nyuma ya jiko la mwenyeji wangu. Chupa ya kwanza nimeutia maji kidogo, basi. Ya pili nimeitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayotokota, ikakaa humo nusu saa. Sasa natia: kijiko kimoja huku, kijiko kimoja huku. Nakoroga. Binti wa mstari wa mbele, nitunzie saa. Tunafunika kwa sahani, tunaviacha.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mkunga kule Pangani. Sikumbuki hata siku moja akimwambia mtu "tumia mpapai" kisha akanyamaza. Alikuwa na masharti. Papai changa, la kijani kibichi, lisiwe na hata doa la njano. Ulichanje asubuhi, juu juu, usifike nyamani. Kile cheupe kinachotoka ukitumie palepale, usikipike, usikilaze. Sisi wajukuu tuliyachukulia masharti hayo kama tulivyoyachukulia yale mengine yake, ya kutopiga mluzi usiku.

Miaka ikapita, nikapata kazi ya maabara. Kijana, koti jeupe, na kile kiburi kinachokuja pamoja na koti bila kulipiwa. Nikasema nitaipima dawa ya bibi. Nikachuma mapapai, nikakatakata na maganda yake, nikachemsha saa nzima kama tulivyokuwa tukichemsha kila jani lililoingia mle ndani, nikachuja, nikapima kama maji yale yana nguvu ya kuvunja protini. Hakuna kitu. Likizo nikarudi Pangani nikamwambia, bibi, nimeipima dawa yako, haina nguvu. Akaniuliza neno moja: "Ulichemsha?" Nikasema nilichemsha. Akasema: "Umemuua mgonjwa njiani, kisha waniletea maiti nikwambie alikuwa akiumwa nini."

Tangu siku ile nikitajiwa mti, siulizi tena unatibu nini. Nauliza kwanza: kilichomo ni kitu gani, na kimekaa wapi? Na hapo "wapi" sina maana ya Amani au Handeni. Nina maana ya wapi ndani ya mti wenyewe: kwenye gome, kwenye mzizi, kwenye kokwa, na ndani ya kokwa hiyo, ndani ya seli, chumba kipi. Leo nitasema zaidi juu ya aina moja ya vitu vilivyomo, navyo ni protini, kwa sababu hizo ndizo tunazoziharibu kuliko zote kwa kutojua makazi yake.

Protini, wanangu, mmeshaambiwa darasani, ni mnyororo wa asidi amino. Lakini mnyororo peke yake haufanyi kazi. Lazima ujikunje, ujifunge, upate umbo lake, na umbo hilo ndilo linalofanya kazi, kama meno ya ufunguo. Moto huukunjua mnyororo. Yai bichi lina ute; likichemka ute huwa mweupe na mgumu, na hata ukiliacha wiki halirudi kuwa ute. Protini haikutoroka mle ndani ya yai. Ipo yote, ila umbo limekwenda. Ndiyo maana hata chupa zangu hizi mbili, mkizipima kwa kile kipimo chenu cha biureti, zote zitatoa rangi ya zambarau. Kipimo kitasema protini ipo huku na ipo huku. Hakitawaambia ipi iko hai.

Sasa seli ya mmea. Ifikirieni kama nyumba zetu za Kiswahili. Ina ukuta wa nje, mgumu. Ina jiko, ambalo kwa majani ni kloroplasti, mahali mwanga wa jua unapopikiwa sukari. Na ina ghala. Ghala hilo wataalamu huliita vakuoli, ni kama mtungi mkubwa wa maji uliowekwa katikati ya chumba, na kwenye seli ya jani lililokomaa mtungi huo waweza kuchukua sehemu 9 kati ya 10 za nafasi yote. Wenye nyumba wanapita ubavuni kwa ubavu. Kwenye mbegu ghala halina maji mengi. Hugawanyika likawa vifuko vidogo vidogo vilivyoshindiliwa protini, akiba ya mche kabla haujajua kujipikia.

Jikoni nako protini ni nyingi mno. Kwenye majani mengi, kama ya mlonge, karibu nusu ya protini inayoyeyuka majini ni aina moja tu, rubisko, ile inayonasa hewa ya ukaa. Mtu akila mboga ya mlonge anakula hiyo. Ni chakula, na chakula kizuri, lakini tusiiite dawa. Naipita.

Nije kwenye mpapai, maana ndio ulioniumbua. Mpapai una mtandao wa mirija myembamba sana inayopita kila mahali: majani, shina, ganda la tunda. Ndani ya mirija hiyo ndimo unamokaa utomvu, na ndani ya utomvu mna papaini, kimeng'enya kinachokata protini nyingine. Jina hilo lilitolewa Ufaransa mwaka 1879. Papaini ni mnyororo wa asidi amino 212, na mti hauitengenezi ikiwa kali tangu mwanzo. Huitengeneza ikiwa na kifuniko, kama panga ndani ya ala. Mirija ikikatwa, utomvu ukimwagika, kifuniko huondoka na panga huwa wazi. Baada ya dakika chache utomvu huganda na kuziba jeraha.

Mti unamwekea nani panga? Si sisi wenye mishkaki. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kuwa viwavi wakilishwa majani ya mpapai hufa au hudumaa, na majani yale yale yakioshwa utomvu, viwavi huyala na kunenepa. Panga ni la mlango wa nyumba. Na tunda likianza kuiva mti hauna haja tena ya kulilinda, kwa sababu sasa unataka ndege na watoto walile waitupe mbegu mbali. Utomvu hupungua, mirija hufa. Haya, lile sharti la bibi la "hata doa la njano" mmeliona linatoka wapi? Na "juu juu, usifike nyamani", ni kwa sababu mirija imejaa chini ya ganda. Na "asubuhi", ni kwa sababu mti umekunywa maji usiku kucha, umejaa, mirija inasukuma. Jua likipanda utomvu unachechemea.

Dada zetu wanaouza mishkaki pale Ngamiani, Tanga mjini, wanalijua hili bila ya maabara. Wanaisugulia nyama papai bichi, hawaisugulii lililoiva, na wanaisugua kabla ya moto. Hakuna anayeweka papai juu ya nyama iliyokwisha kuiva akategemea ilainike. Huko Gambia, katika hospitali ya Banjul, wauguzi wamekuwa wakiweka papai lililopondwa kwenye vidonda vya watoto walioungua, lile papai linakula nyama iliyokufa na kidonda kinasafika. Lakini mkubwa wa kazi hiyo hivi sasa ni nanasi. Bromelaini ya nanasi, iliyo jamaa ya papaini, imo kwenye tunda, ndiyo inayowachubua ulimi mkila nanasi jingi. Ila imejaa zaidi kwenye shina, lile gogo fupi linalobaki shambani tunda likikatwa. Humo ndimo inamotolewa dawa ya kusafisha vidonda vya moto iliyoruhusiwa Ulaya mwaka 2012 na Marekani mwaka 2022. Sasa fikirieni wenzetu wa Kiwangwa kule Bagamoyo, wanaolima nanasi ekari kwa ekari. Tunda linapanda lori. Gogo linang'olewa, linachomwa moto, au linaoza. Sisemi kesho wafungue kiwanda, kiwanda kina mambo yake. Nasema kila mara gogo lile linapochomwa, kinachochomwa ndicho kile kinachosafiri kurudi kwetu ndani ya katoni kwa bei ya dola.

Nimeona mzee pale anatikisa kichwa. Najua, utomvu huohuo ukiingia jichoni ni balaa, na wako watu ambao miili yao haiupatani kabisa, ukiwapaka wanavimba na kukosa pumzi. Kweli kabisa. Madaktari wa Marekani waliruhusiwa mwaka 1982 kuchoma ndugu mmoja wa papaini kwenye uti wa mgongo, kwa wagonjwa ambao visahani vya kati ya pingili zao vimetoka mahali pake, na miongoni mwa mambo yaliyowatia hofu ni hao wachache waliopatwa na mzio mkali mezani. Panga ni panga.

Sasa niingie kwenye mti ninaoustahi kuliko yote na kuuogopa kuliko yote. Mnyonyo. Wengine mnauita mbarika. Upo kila jalala la Tanga hii, na mafuta ya nyonyo yako kwenye kila kikapu cha msusi. Mbegu ya mnyonyo ina maghala mawili ndani ya seli zile zile. Ghala moja ni vitone vya mafuta. La pili ni vile vifuko vya protini nilivyovitaja, na ndani ya vifuko hivyo, katikati ya akiba halali ya mche, imefichwa risini.

Risini ni miongoni mwa sumu kali kabisa zinazotoka kwenye mmea. Iligunduliwa mwaka 1888 na mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha Dorpat, mji ambao leo unaitwa Tartu, Estonia. Ina vipande viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja ni cha kubisha hodi: hushika sukari iliyo juu ya seli ya mwili wako na kuifanya seli ifungue mlango. Cha pili ni cha kuua: kikishaingia hukata ribosomu, zile mashine zinazounda protini, na kimoja tu chaweza kuharibu zaidi ya ribosomu elfu moja kwa dakika moja. Hakitumiki kikaisha. Kinamaliza hii, kinakwenda ile.

Sasa jiulizeni, na hapa ndipo ninapopenda: mnyonyo nao una ribosomu. Na ribosomu zake hudhurika kwa risini vile vile. Vipi unatengeneza sumu hii jikoni kwake mwenyewe bila kujiua? Jibu lake ni makazi. Risini hutengenezwa ikiwa kipande kimoja kisichokatika, kisichoua. Huingizwa ndani ya njia iliyofungwa pande zote, haimwagiki kamwe pale zilipo ribosomu, husafirishwa hadi kwenye kifuko cha akiba, na humo ndani, mlango ukishafungwa, ndipo hukatwa vipande viwili na kuwa sumu kamili. Ni kama fundi anayenoa kisu akiwa tayari amejifungia nje ya nyumba ya watoto. Mbegu ikichipua, risini huvunjwa siku za mwanzo pamoja na akiba nyingine, mche ukala.

Na wanawake wa pwani walifanya nini na mbegu hii, kabla mtu yeyote hajasikia neno risini? Wanazikaanga mbegu. Wanazitwanga. Wanachemsha unga wake kwa maji muda mrefu, mafuta yanaelea, wanayaengua. Tazameni kazi iliyofanyika. Moto wa kukaanga na wa kuchemsha umeivunja protini. Na hata pale moto ulipopungua, risini hupenda maji, haipendi mafuta, kwa hiyo haipandi juu na mafuta; hubaki chini na mashapo. Nywele zinapakwa, kope zinapakwa, hakuna anayekufa. Lakini yale mashudu, hasa ya mbegu zilizokamuliwa bila moto, ni hatari. Mbuzi akiyafikia hapoi. Mtoto akitafuna mbegu mbichi, hakuna cha kusubiri wala cha kumnywesha nyumbani, ni hospitali, na ufike na mbegu mkononi ili waione.

Nililisema hili mahali fulani, bwana mmoja akaniuliza kwa nini basi tusiing'oe minyonyo yote. Nilimwambia hivi: mlonge nao una protini iliyofichwa kwa mtindo ule ule, na hiyo ni rafiki. Kokwa la mlonge lina mafuta, na pembeni ya mafuta lina protini ndogo zenye chaji chanya. Matope ya mtoni yana chaji hasi. Ukisaga kokwa lililomenywa, ukakoroga unga wake kwenye ndoo ya maji ya mto Pangani wakati wa masika, yale ya rangi ya chai ya maziwa, protini zinashikana na matope, madonge yanakua mazito, yanazama. Baada ya saa moja hivi maji ya juu ni meupe. Wanawake wa Sudan wamefanya hivyo muda mrefu kwa maji ya Nile. Na ukiyakamua mafuta kwanza ukayauza, mashudu yanayobaki bado yanasafisha maji vilevile, kwa sababu protini haikuondoka na mafuta. Ni kanuni ile ile moja. Mashudu ya mlonge yanasafisha kwa sababu ile ile inayoyafanya mashudu ya nyonyo yaue. Ila maji hayo bado myachemshe, yametulia, hayajatakasika.

Mturituri nauweka hapohapo, kwa haraka. Zile mbegu nyekundu zenye jicho jeusi, mnazozitoboa kwa shanga. Ndani yake mna abrini, dada yake risini. Ganda la mbegu ile ni gumu kiasi kwamba mtoto akiimeza nzima mara nyingi hupita ikatoka kama ilivyoingia. Akiitafuna, au ikiwa imetobolewa, habari ni nyingine. Masonara wa India walizitumia kupimia dhahabu. Mimi mjukuu wangu simvishi.

Kuna mtindo mwingine wa kuhifadhi, na huu kila mmoja wenu ameutumia jikoni wiki hii. Kitunguu saumu kizima hakinuki. Kiweke puani, hakinuki. Kiponde, nyumba nzima inajua. Kwa nini? Ndani ya punje ya saumu, kitu kiitwacho alini kimekaa kwenye seli za akiba. Kimeng'enya chake kimefungiwa mbali, kwenye vakuoli za seli nyingine, zile zinazozunguka vishipa vya kupitishia chakula. Mchumba yuko Makorora, mchumba yuko Chumbageni, na kuta katikati. Kinu kinabomoa kuta. Vinakutana, na ndani ya sekunde huzaliwa alisini, ambayo ndiyo harufu, ndiyo ukali, na ndiyo inayoua vijidudu. Ilitambuliwa Marekani mwaka 1944. Dawa, kwa hiyo, haikuwamo ndani ya saumu. Vilikuwamo viwili vinavyoizaa. Ukiitupa punje nzima kwenye mafuta ya moto umemuua bwana harusi kabla ya nikaha. Iponde kwanza, iache dakika 10, ndipo uipike ukitaka.

Na kisamvu! Kisamvu na muhogo vimejengwa hivyo hivyo, ila kinachozaliwa ni kibaya. Vakuoli ina linamarini, kimeng'enya kiko kwenye ukuta wa seli, ukitwanga vinakutana, na mwisho wake inatoka sianidi. Inapaa kwenye hewa, inatoka na maji, inaondoka na moto. Ndiyo sababu mama alikuwa anatwanga hasa, si kukatakata, kisha anachemsha bila kufunika mpaka mjue leo ni kisamvu. Kutwanga ni kuiita sumu itoke ikiwa bado iko nje ya tumbo.

Sasa nisije nikawapotosha. Si kila dawa ya mti ni protini, na nyingi si protini. Uchungu wa mwarobaini ni vitu vingine kabisa, vinavumilia moto, kwa hiyo chai yake inabaki chungu hata uchemshe mara ngapi. Shubiri, ile njano inayochuruzika ukikata jani iko kwenye seli zilizo chini tu ya ganda, nayo inaharisha. Ule utelezi wa katikati ni kitu cha pili na kazi yake ni ya pili. Wanaosaga jani zima na kunywa wanachanganya vyumba viwili. Na mlimani kwetu hapa, Amani, Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902 walipanda mikwinini, na kwinini iko kwenye gome. Gome linabanduliwa, linachemshwa, kwinini inabaki hai. Basi mtu aliyeona gome la mkwinini linachemshwa akadhani kila mti unachemshwa, huyo ni mimi na koti langu jeupe.

Tena protini nazo zina wakaidi wao. Wakunga, hili ni lenu. Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Norway, Lorents Gran, alikuwa Kongo. Akaona wanawake wanachemsha mmea mdogo uitwao kalata-kalata, wanautumia kuharakisha uchungu wa uzazi, na wakati mwingine uchungu ukawa mkali kupita kiasi. Akatafuta kilichomo. Ni protini ndogo, asidi amino 29 tu, na ilichemshwa na bado ikafanya kazi. Ilibidi wasubiri hadi mwaka 1995 kujua siri: mnyororo wake hauna ncha. Umeungana kichwa na mkia ukawa pete, na ndani ya pete mna vifungo vitatu vya kukaza. Moto hauna pa kuanzia kuufumua. Nayo makazi yake ni vakuoli, na humo ndimo inamofungwa pete. Kwa hiyo mama mjamzito akiwaambia amekunywa kitu cha kuchemsha na nyinyi mkajisemea "moto umeshaua", muulizeni mmea gani, na mwambieni muuguzi. Msinyamaze kwa aibu, na wewe muuguzi usimgombeze akanyamaza.

Kuna jambo moja nimelichelewesha makusudi, kwa sababu linawaudhi watu. Tumbo. Tumbo la binadamu kazi yake ni kuvunja protini. Halibagui kati ya dagaa na dawa. Karela ina protini kwenye mbegu zake ambazo watafiti wamezichomoa na kuzipima kwa miaka mingi, na kuna moja iliyoelezwa mwaka 1981 kuwa inashusha sukari ikichomwa kwa sindano. Kwa sindano, nimesema. Halafu unamkuta kijana stendi anauza juisi ya karela, anamwambia mgonjwa wa kisukari aache insulini. Insulini yenyewe ni protini, na huchomwa sindano kwa sababu hiyohiyo: ukiinywa, tumbo linaila. Karela kama mboga, karibu. Sukari yako ipimwe, na sindano yako usiiache.

Na chanjo za malaria, ambazo wengi wa Korogwe na Bagamoyo mnazijua kwa karibu kwa kuwa watoto wenu walikuwa miongoni mwa waliozijaribu, nazo ni protini. Kipande cha protini ya kijidudu cha malaria, kilichotengenezwa ndani ya seli za hamira. Ndiyo maana hukaa kwenye friji na huingia kwa sindano. Lakini peke yake kipande hicho ni kidogo, mwili haukijali sana, kwa hiyo huchanganywa na kichocheo. Na kichocheo kimetoka wapi? Kwenye gome la mti wa Chile unaoitwa Quillaja saponaria, gome ambalo wenyeji wa kule walilifanya sabuni. Hicho si protini, ni saponini, povu. Gome la mti kwenye sindano ya mtoto wa Korogwe. Mnaposikia mtu anasema tiba asili huku na hospitali kule, kama Pemba na Unguja, mwambieni habari hiyo.

Wazee wangu waganga, ninawaomba kitu kimoja na si siri zenu. Mtoapo dawa, toeni na masharti yake yote, na kijana akiyaandika, ayaandike yote: sehemu gani ya mti, changa au lililokomaa, saa ngapi, limetwangwa au limechemshwa, limeanikwa juani au kivulini. Nimeona madaftari ya utafiti yaliyoandikwa "mpapai, hutibu vidonda", nukta. Aliyeandika hivyo ametupa ufunguo akabaki na jina la mlango.

Binti, saa yasemaje? Dakika arobaini na kitu. Vizuri. Mama mkunga, wewe wa kanga ya njano, njoo hapa mbele tafadhali. Funua sahani hii ya kushoto kwanza. Hiyo ni chupa iliyochemshwa. Inamisha kikombe... Maziwa. Yanatiririka kama yalivyokuja. Sasa ya kulia. Inamisha. Usiogope, inamisha zaidi. Hayamwagiki, mnaona? Yameganda, na ile maji ya njano imejitenga pembeni. Mzungushieni kikombe kila mtu akione. Tafadhali msinywe.